Reli Juu ya Mlango

Siku ya tatu baada ya kumzika mwanawe nje ya uzio wa makaburi ya misheni, Sipriani aliung'oa mlango wa nyumba yake, akaulaza juu ya vigoda viwili.

Apolonia, mkewe, alimwacha. Alidhani ni huzuni.

Kufika adhuhuri alikwisha kuelewa. Fito za mwanzi zilikuwa reli. Viberiti vitupu vilikuwa toroli. Kopo la maziwa lilikuwa mashine ya kusaga katani, na tofali bichi lilikuwa ukuta wa nyumba ya boila. Kilikuwa kiwanda kile kile ambako Sipriani alisukuma toroli miaka kumi na minne, na ambako toroli iliyojaa majani ya katani ilimponda mtoto wao wa pekee, Damiani, msukuma toroli kama baba yake.

Bwana meneja alikuwa amemwandikia Padre barua. Kijana amejiua, ilisema. Alisimama katikati ya reli, akaitazama toroli ikishuka, asisogee. Kwa barua hiyo Damiani alikosa misa, akakosa kengele, akafukiwa kwenye majani kama mtu asiyebatizwa. Padre hakuweza kwenda kujionea, maana tangu mgomo wa wafanyakazi meneja hakutaka mapadre kiwandani. Alimwambia Sipriani neno moja tu: "Nionyeshe kwamba hakutaka kufa, nami nitausogeza uzio umwingize ndani."

Jioni Apolonia alimkuta mumewe akilisogeza lile tofali, kisha akikata kwa kisu ncha ya reli iliyoishia hapo.

"Mbona waikata, Baba Damiani?"

"Mlango ni mfupi."

Apolonia aliamini. Hakuwahi kupita lango la kiwanda hata siku moja.

Kesho yake alikuja Modesti, aliyesukuma toroli pamoja na Sipriani.

"Lo, shemeji! Mumeo amerudi utotoni. Mlango ameufanya gari la moshi! Na fisi wakija, wapige hodi wapi?"

Hakuna aliyekasirika. Modesti alikuwa mtani wao, na msibani mtani husema lolote. Siku ya mazishi aliingia kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Apolonia alicheka huku machozi yakimtoka.

Modesti aliinama juu ya mlango. Kidole chake kilifuata reli kubwa inayoteremka kutoka mashambani hadi kwenye mashine, kikapinda kuingia njia ya pembeni, ile inayoishia ukutani kwa boila. Hapo kikasimama.

"Kaka," alisema, "hapa..."

Sipriani alimtazama.

"Hapa pazuri," alimalizia Modesti. Akaomba maji, akanywa, akaenda zake. Apolonia alibaki anashangaa. Mtani kuondoka bila tusi hata moja!

Jumamosi Padre alifika kwa baiskeli. Sipriani alimwekea kiti mbele ya mlango, naye akapiga magoti upande wa pili.

"Toroli iliyojaa ikishuka, Padre, zile tupu sharti ziondolewe reli kubwa. Zinasukumwa huku pembeni. Siku ile zilikuwa nne."

Padre alimgeukia Modesti, aliyekuja naye kutazama. "Kweli zilikuwa nne?"

"Nne, Padre," alijibu Modesti. Alikuwa anatazama viatu vyake. Vilikuwa vya Damiani. Kijana alimpa, vipya kabisa, wiki moja kabla ya kufa. Roho yake ilikuwa hivyo, Apolonia alipenda kusema, mtu wa kutoa.

"Zisukume mwenyewe, Padre," alisema Sipriani.

Padre alisukuma kiberiti cha kwanza, cha pili, cha tatu. Cha nne kilikwama, mkia wake ukabaki juu ya reli kubwa. Alivitoa vyote, akabadili mpangilio, akaanza upya. Alijaribu mpaka jasho likamtiririka shingoni. Kila mara cha nne kilibaki nje.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "mtu lazima asimame hapa, relini, aisukume toroli ya nne kwa bega."

"Na mgongo ameupa mlima."

"Basi hakuiona ile iliyokuwa ikishuka."

"Angeionaje, Padre? Mtu hana macho kisogoni."

Padre alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Apolonia alitoka nje kwenye uwazi uliokuwa mlango, akakaa chini, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alilia kwa sauti.

Jumapili kengele ililia. Vijana wa misheni waling'oa nguzo za uzio, wakazipanda ng'ambo ya kaburi. Padre aliomba radhi mbele ya watu wote. Apolonia alimshika mumewe mkono. Ulikuwa baridi, ukamkaza vidole. Akauminya, akijua ni furaha.

Jumatatu Sipriani alikwenda kazini bila kula. Saa nne Apolonia alimfuata na uji wa muhogo. Askari wa lango alimhurumia kwa msiba wake, akamwacha apite.

Alipafahamu mara moja, kana kwamba amezaliwa pale: mashine, reli kubwa, ukuta wa boila. Sipriani alikuwa amempa mgongo, akiisukuma toroli tupu kuelekea njia ya pembeni. Tatu zilikuwa zimekwisha kuingia. Kule juu mtu alipiga kelele kwamba iliyojaa inakuja. Apolonia alifumba macho, uji ukamwagika miguuni.

Alisikia chuma kikigonga chuma mara moja. Alipofumbua, toroli zote nne zilikuwa ndani, reli kubwa iko wazi toka juu hadi chini, na kati ya ile ya mbele na ukuta wa boila palibaki nafasi ya toroli mbili zaidi.