Benchi la Mama

"Chagua uzamili wa biashara, dada. Ndiko kwenye ulaji," kaka alisema kwenye simu. "Huo utawala wa hospitali utakuzeesha bure. Na maombi yanafungwa leo!"

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la saruji, nje ya kliniki alikokuwa muuguzi marehemu mama yetu. Lilikuwa baridi vilevile. Kila asubuhi, kabla hatujaenda shule, mama alitukalisha hapa.

"Lipasheni joto," alikuwa akituambia. "Wagonjwa wangu wasikalie barafu."

Nasi tulicheka, tukihamishahamisha makalio mpaka benchi zima lipate joto.

Bibi mmoja alifika akijikongoja. Nikasimama, nikampisha palepale nilipokuwa.

"Ahsante, mwanangu. Kumbe hapa pana joto!"

Kaka alimsikia. Akayaacha ya biashara.

"Uko kwenye benchi la mama?"