Mgonjwa wa Jumatatu

"Hakuna mgonjwa aliyewahi kupita dirishani kwangu nikamsahau," alisema Kalamu, akavuta kiti ofisini kwa daktari mkuu bila kukaribishwa. "Hata faili sihitaji. Uliza tu."

Kalamu ndiye mfamasia wa kituo cha afya. Jina hilo alijipa mwenyewe siku ilipokuja amri mpya: kila dawa ikitolewa, mfamasia aandike kwenye kompyuta alichomweleza mgonjwa, na kama ameelewa. Wenzake walilalamika mpaka koo zikawakauka. Yeye alikuwa anamaliza kuandikia foleni nzima kabla chai yake haijapoa, kisha anapita akiwacheka.

Daktari mkuu hakucheka. Aliigeuza skrini upande wake.

"Mgonjwa wa Jumatatu, wa mwisho kabla hujafunga dirisha. Kazidishiwa dawa. Kalala usingizi wa kutisha mpaka tukamkimbiza hospitali kubwa. Kapona kwa bahati tu. Familia inasema hukufungua mdomo, ulisukuma chupa kama muuza soda. Ikiwa ni kweli, leo hii huna kazi."

"Familia!" Kalamu akasonya. "Soma nilichoandika, Daktari. Soma kwa sauti."

Daktari akasoma, kila neno kama analitema. "'Mgonjwa ameelezwa kipimo na saa za kutumia dawa. Amerudia maelezo yote kwa mdomo wake bila kukosea. Ameahidi kutokunywa pombe mpaka dawa iishe.'"

"Sasa hapo mwongo nani?"

"Uliongea naye mwenyewe?"

"Ana kwa ana."

"Alikuwaje?"

"Mbishi! Kaegemea dirisha, anadai ana haraka. Nikamwambia, ndugu yangu, hapa huondoki mpaka urudie. Akarudia, amenuna hivi."

"Na pombe?"

"Nilinusa kitu. Sikuandika, nikamstahi. Lakini mtu wa namna ile ukimpa chupa, akifika kona ya kwanza anapiga mafunda. Kikimkuta cha kumkuta, lawama kwa mfamasia."

"Unasema ni ujinga wake mwenyewe."

"Ujinga na ujeuri. Andika hivyo."

"Una hakika ni huyo? Siyo mwingine?"

"Nikimwona hata sokoni namtambua. Mleteni hapa aseme uongo wake mbele yangu, tuone nani atatazama chini."

"Yuko nje," alisema daktari. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu, na halikuwa tabasamu la kumtakia mtu heri. Akaenda kufungua mlango.

Mwanamke aliyejitanda mtandio mkubwa aliingia bila salamu, macho mekundu. Kalamu aliruka kutoka kitini, kidole mbele.

"Huyu! Ndiye huyuhuyu! Daktari, muulize kama hakunirudia kila neno! Muulize pombe aliahidi nini! Leo kaja kavaa uso wa huruma, Jumatatu alikuwa simba!"

Mwanamke aliinama kidogo, akafungua fundo la mtandio kifuani, akauzungusha mzigo wake kutoka mgongoni na kumlaza mtoto mchanga taratibu juu ya meza, katikati ya kompyuta na kidole cha Kalamu.

"Mimi siumwi, kaka," alisema. "Mgonjwa ndiye huyu. Haya, mwambie arudie. Hata mimi mama yake sijawahi kumsikia akisema neno."