Mstari Uliogeuka Bluu

Mwalimu wa hisabati hakutambua kuwa kila alichokifungua kwenye kompyuta kilionekana pia nyuma yake, ubaoni.

Asubuhi nzima alikuwa amehangaika na waya za ubao huo wa kugusa, wa kwanza katika sekondari yao ya Kirumba, na ulipowaka Kidato cha Tatu walipiga makofi.

"Sir, kumbe ni simu ya ukutani!" alitania mmoja.

Alicheka nao, kisha akainama kutafuta somo la pembetatu. Kwa haraka akafungua faili jingine.

Vicheko vikakatika. Alidhani wanastaajabu.

Alipogeuka, aliona majina ya darasa zima, na kando ya kila jina maneno yake ya siri, makubwa kama viganja. Mastura, msichana wa dawati la nyuma, alikuwa amekwisha kufika mbele. Aliweka kidole kwenye jina lake, na mstari mzima ukageuka bluu: *Hana kichwa cha hesabu. Asipotezewe muda.*

"Sir, hii umeandika wewe?"

Kufuta kulihitaji kubonyeza mara moja tu. Angeweza kusema faili lile ni la mwalimu aliyehama. Wanafunzi sitini waliutazama mkono wake. Akauondoa kwenye kompyuta.

"Ni mimi, Mastura. Niliandika muhula wa kwanza, nikiwa bado sikujui."

"Na sasa unanijua?"

Tangu siku hiyo Mastura alihamia dawati la mbele, na hakuna kipindi cha hisabati kilichokwisha bila yeye kuuliza swali.