Bustani ya Kumi na Mbili

Mwanamume aliyetokea mlango wa jikoni alikuwa amevaa glavu, na alipowaona watu tisa wamesimama kwenye ukoka wakimchekea, alirudi nyuma hatua moja kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Jamani, tumekukuta kazini!" Glenys Tapscott akamchangamkia. "Au tumewahi mno?"

"Hapana." Aliwatazama mmoja mmoja. "Hapana... karibuni."

Wakamiminika. Ilikuwa Jumapili ya Bustani Wazi, siku pekee katika mwaka ambayo watu wa kijiji cha Combe Hatherly huruhusiwa kuingia kwa majirani na kuona yote waliyokuwa wakiyachungulia juu ya ukuta. Jua lilikuwa limetoka, jambo ambalo Devon, mkoa wa mvua wa Uingereza, haimwahidi mtu hata mwezi wa Juni, na kijiji kizima kilikuwa kama kimelewa. Glenys ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa siku hiyo, mara yake ya kwanza. Mishale ya njano ya kuelekeza wageni aliichora na kuipigilia misumari kwa mkono wake mwenyewe.

Alifungua ramani aone hii ni bustani ya ngapi. Akahesabu. Akahesabu tena.

Bustani kwenye orodha zilikuwa kumi na moja, na hii haikuwamo. Hii ilikuwa nyumba iliyonunuliwa wakati wa Krismasi na watu wa London, ambao hakuna mtu kijijini aliyewahi kuwatia machoni. Mshale mmoja aliupigilia umeelekea siko, na sasa watu walikuwa wanaingia langoni kama maji.

Akaikunja ramani haraka. Maana miongoni mwao alimwona Thirza Loveys, aliyekuwa mwenyekiti kabla yake kwa miaka kumi na minne, na aliyesema mkutanini mbele ya kasisi kwamba Glenys akipewa kazi hii, wageni wataishia kwenye banda la nguruwe.

Akamkamata yule bwana mkono, akamvuta nyuma ya mawaridi.

"Nimekukosea, bwana. Bustani yako haimo kwenye orodha. Tumekuvamia."

"Aa!" Yule bwana alishusha pumzi ndefu. "Kumbe! Basi mnaondoka?"

"Nisitiri, nakuomba! Yule mama mwenye kofia ya zambarau akijua, mimi nahama kijiji. Jifanye ulitualika. Saa moja tu."

"Mama, mimi nina safari. Nilikuwa ndiyo natoka."

"Nusu saa!"

Akatazama lango, limejaa watu. Akamtazama Glenys, machozi yanamlengalenga. Akajikuna shingo.

"Mnakunywa chai?" akauliza.

Alifungua makabati matano ndipo akapata sukari. "Jiko hili bado sijalizoea," alisema, na wote wakacheka, maana kila mtu anajua kuhamia nyumba mpya kulivyo. Chai ikaja katika birika la fedha lililong'aa hadi watu wakaona aibu kulishika. Keki alizikuta kwenye jokofu, akazikata vipande vinene visivyo na hesabu.

"Ua hili la buluu mnaliitaje?" mama mmoja akamuuliza.

"Sisi tunaliita la buluu."

Walicheka mpaka meja mmoja mstaafu akapaliwa na keki, ikabidi apigwe mgongoni.

"Na siri ya mawaridi haya ni nini?" Thirza akauliza, kwa sauti yake ya ukaguzi.

"Kusema kweli, mama, mimi sijayagusa."

"Mmesikia?" Thirza akawageukia wenzake. "Kila mwaka nawaambia, acheni kuyasumbua!"

Nusu saa ikawa saa, saa ikawa mbili. Meja alivua viatu akatembea peku kwenye ukoka. Kasisi alibembea kwenye bembea mpaka kofia ikaruka. Yule bwana, ambaye mwanzoni alishtuka kila gari lilipopita, sasa alikuwa anazunguka na birika akiwaita watu "wapenzi wangu", glavu bado mikononi, na Thirza akasema huyo ndiye mtu wa bustani hasa, siyo hawa wa kujipamba.

Saa kumi zikahesabiwa kura ambazo wageni hupiga kila mwaka kuchagua bustani bora. Bustani iliyopendwa kuliko zote ilikuwa hii hii. Thirza mwenyewe ndiye aliyemfunga utepe wa ushindi kifuani, na watu wakapiga makofi hadi kunguru wakahama miti.

"Sijawahi kupewa kitu maishani," alisema yule bwana, akiushikashika utepe. "Kila kitu nimekipata kwa kuhangaika mwenyewe."

Glenys alimbusu mashavu yote mawili. "Umeniokoa. Nikulipe nini?"

"Hapo tumelingana, mama. Ila sasa niacheni niende, nimechelewa. Kuna mizigo ya kupeleka kwa dada yangu."

Wamwache wapi! Meja alichukua begi moja, kasisi la pili, na mabegi yenyewe mazito kweli kweli. Wanaume wanne walibeba zulia lililoviringwa huku wakiimba kama wanaobeba jeneza la mtu wasiyempenda. Thirza aliosha birika kwa mkono wake, akalifunga kwa taulo, akampakatisha. Gari lake likaondoka likipiga honi, na kijiji kizima kikapunga vitambaa mpaka likapotea kwenye kona.

"Glenys," Thirza akasema, akifuta macho, "siku kama hii mimi sikuwahi kuifanya."

Glenys alikuwa bado anazungukazunguka kwenye ukoka kama msichana wa miaka saba, wakati teksi iliposimama langoni. Wakashuka bwana na bibi waliobabuliwa na jua la ugenini, na masanduku yao. Akawakimbilia, mikono wazi.

"Karibuni, karibuni! Mmechelewa kidogo tu, keki zimebaki. Ila mwenye nyumba mmepishana naye, ametoka sasa hivi!"

Bibi akamtazama mumewe. Bwana akaweka sanduku chini, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa mlango wa mbele.

"Mwenye nyumba yupi?"