Ukuta Kabla ya Lipu

Vyumba viwili Kibwana alishavipiga lipu, na vyote viwili wenzake walivitindua upya: Chande, fundi bomba, apitishe mabomba yake, na Tatu, fundi umeme, apitishe nyaya. Mwenye nyumba akaapa kwamba cha tatu kikichimbwa, atawafukuza wote.

Asubuhi hiyo, katika chumba cha tatu, Kibwana hakukoroga saruji. Aliweka chaki mbili juu ya ndoo.

"Sipigi lipu mpaka mchore," alisema. "Kila mtu njia yake, kuanzia sakafuni mpaka darini. Nimechoka kurudia kazi!"

"Na sisi tumechoka kula vumbi, kaka," Tatu akajibu, akaokota chaki nyekundu. Chande akachukua ya buluu.

Wakachora. Karibu na dirisha mistari yao ikagongana.

"Hapa ningekutobolea bomba," Tatu alisema taratibu.

Chande akaufuta mstari wake kwa kiganja, akausogeza shubiri moja.

Kibwana alirudi nyuma hadi mlangoni. Miaka thelathini alikuwa akifunika kuta bila kujua anafunika nini. Sasa, katika mistari ile, aliyaona maji yakipanda kutoka ardhini, na moto wa umeme ukitawanyika kuelekea kila taa.

"Subhanallah," alinong'ona. "Kumbe humu ndani mna haya yote?"

Kufikia adhuhuri mabomba na nyaya vilikuwa vimelala kwenye njia zake.

"Haya, kaka, zamu yako," Tatu alisema.

Kibwana akachota saruji kwa mwiko, akauinua mpaka ukutani. Mkono ukabaki hapo hapo, akishindwa kuyafunika aliyoyaona, saruji ikimdondokea viatuni.