Njano Iliyochakaa

Mtaalamu wa rangi alimsukumia mkurugenzi wa makumbusho kiti kwa mguu.

"Keti, mzee. Leo huambiwi, utajionea mwenyewe."

Kwa miaka mingi picha ile ya ukuta wa njano ilitundikwa ukumbini kwa jina la Mwalimu, msanii aliyesifiwa hata baada ya kufa. Na kwa miaka hiyo hiyo baba wa mtaalamu huyo, aliyekuwa mwanafunzi wa Mwalimu, alikula kiapo kwamba picha ni yake, imeporwa. Alikufa na donge kooni. Binti akalirithi. Alisoma mpaka akabobea, akijua anachokitafuta.

Mama yake alikaa pembeni, mkoba mapajani. Alikuja kwa kuburutwa.

"Tuyaache, mwanangu," alisema. "Baba yako hata hiyo njano alikuwa haipendi."

"Mama, usianze. Umenyamaza vya kutosha miaka yote hii."

Akawasha hadubini. Mwale wa leza ukapenya rangi tabaka baada ya tabaka bila kuikwaruza. Kwenye skrini ikatokea kona ya chini ya picha, penye sahihi.

"Njano hii ikipigwa na mwanga miaka mingi, uso wake huchakaa, ukawa kahawia. Sahihi ya Mwalimu imekaa juu ya kahawia. Maana yake nini?"

Mkurugenzi akakohoa. "Iliwekwa baadaye."

"Iliwekwa na mwizi." Akaanza kuushusha mwale. "Tushuke."

Chini yake, imefunikwa kwa rangi, ikatokea sahihi nyingine. Ya baba. Binti aliijua tangu kwenye ripoti zake za shule. Akapiga meza kwa ngumi.

"Mmemzika mtu na haki yake. Mlimwita mwongo mbele ya wanawe, mkamfukuza kama mbwa mlangoni hapo."

"Samahani," mkurugenzi alisema taratibu, kidole kwenye skrini. "Hii nayo si imekaa juu ya kahawia?"

Binti akainama kutazama. Kahawia ilikuwepo, nyembamba, lakini ilikuwepo. Akaushusha mwale tena.

Chini kabisa palikuwa na jina lililoandikwa njano ikiwa bado mbichi, likazama humo humo. Alilisoma mara mbili, ngumi bado imekunjwa.

Lilikuwa la mama yake, lile la kabla hajaolewa.