Setilaiti ya Tano

Jino la kwanza la mzee lilidondoka kwenye neno "mwinuko".

"Mwinuko upi?" Kovu alifoka, kitako cha bastola kikiwa bado juu. "Kioo kinatoa namba mbili!"

"Moja ya setilaiti, moja ya kipimahewa." Mzee alitema damu kwenye sakafu iliyotoka kufagiwa. "Ukishuka, fuata ya kipimahewa. Ile nyingine itakupeleka ardhini."

Nusu saa kabla ya hapo Kovu alikuwa ameruka uzio wa chuo cha urubani, akampiga fundi risasi ya shingo mlangoni mwa banda la ndege, kisha akaingia darasani na damu ya fundi huyo kwenye viatu. Ilikuwa Jumapili. Mlikuwa na watu wawili tu: mzee aliyesimama mbele ya ubao na kifutio mkononi, na mwanamke wa miaka thelathini hivi, kitambaa kichwani, akifagia chini ya madawati.

"Mwalimu ni wewe?"

"Ni mimi," mzee alisema, upesi kuliko ilivyohitajika.

"Na huyu?"

"Binti yangu. Hunisaidia kufagia."

Kovu hakuwa mgeni wa usukani. Zamani alinyunyizia mashamba dawa kwa ndege kuukuu, akiongozwa na mito na barabara. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amemuua hakimu aliyemfunga kaka yake, polisi walikuwa wanamsaka, na wingu zito lilikuwa limekalia milima. Ndege pekee yenye mafuta ilikuwa na kioo cha setilaiti kilichojaa vifupisho asivyovijua. Alitaka maana ya kila kimoja, na hakuwa na subira hata ya kuazima.

"Setilaiti ngapi zinatosha?"

"Nne zinakuonyesha ulipo. Ya tano inazikagua zile nne, isije moja ikakudanganya."

"Nikitaka kwenda moja kwa moja?"

"Bonyeza herufi D yenye mshale. Andika jina la kituo, herufi tano. Thibitisha."

Mzee aliyatoa majibu mfululizo, kama mtu anayesoma dua aliyoikariri utotoni. Kila alipositasita, kitako cha bastola kilimshukia begani au kichwani. Shati lake lilikuwa limelowa hadi kiunoni.

"Na ikiwaka taa ya njano?"

Mzee alinyamaza. Kovu alimshika kiganja, akakilaza juu ya meza, akakivunja kidole cha shahada. Kililia kama kijiti kikavu. Mzee alipiga yowe, na wala hakujaribu kulificha.

"Baba," mwanamke alisema, "si juzi nilisikia wanafunzi wakiambiwa kwamba njano ni setilaiti hazitoshi kujikagua? Eti mtu asishuke, apande juu na asubiri?"

Kovu alicheka mpaka akakohoa. "Loo! Mwalimu mzima anakumbushwa kazi na mfagizi!"

"Uzee, mwanangu," mzee alisema.

Kovu alimfunga mguu kwa mnyororo kwenye meza ya chuma iliyobeba redio. "Wewe siendi nawe. Mwalimu ndani ya ndege atanichezea usukani. Naenda na huyu asiyejua kitu. Nikikuuliza jambo huko juu, jibu. Ukinidanganya, au ukimwita mtu mwingine, nitasikia, na binti yako atatoka mlangoni bila parachuti."

Mzee alipiga magoti. "Nichukue mimi. Nakuomba, mwanangu. Sina mwingine duniani ila huyu."

Kovu alimpiga teke la mbavu, akamkamata mwanamke nywele, akamburuta hadi uwanjani. Walimpita fundi pale alipolala. Mwanamke aligeuka kumtazama, akapigwa ngumi ya mdomo, akasukumwa ndani ya ndege, kwenye kiti cha upande wa kulia.

Ndege ilipaa, ikamezwa na wingu. Mzee alikaa na redio yake, kidole kikimvimba, akihesabu pumzi.

Baada ya dakika kumi redio ikakoroma.

"Mwalimu! Kioo kimezimika! Chote! Nimo winguni, sioni mbele wala nyuma! Nifanyeje?"

Mzee aliyafunga macho, akatafuta. Alitafuta katika kila neno alilowahi kulisikia ndani ya kuta zile nne. Jibu halikuwemo.

"Haki ya Mungu, sijui."

"Hujui? Unanifanyia mzaha?" Kovu alikuwa anapiga kelele sasa. "Basi sikiliza! Sikiliza binti yako anavyokufa!"

Kilifuata kishindo. Injini ikanguruma kwa ghafla. Yowe la mwanamume, kitu kizito kikigonga chuma, mara mbili, mara tatu. Risasi moja. Kisha mkwaruzo mtupu wa redio.

Mzee alilaza paji la uso mezani. Alilia kwa sauti, akijilaani kwa lile "sijui", akiliita jina la mtoto wake kana kwamba yuko chumba cha pili.

Redio ikakoroma tena.

"Mnara wa kuongozea ndege, hii ni ndege ya mafunzo." Sauti ya mwanamke ilikuwa imetulia, ingawa ilikuwa inahema. "Niko futi elfu nane. Kioo nilichokizima nimekiwasha, nina setilaiti saba, narudi uwanjani. Abiria wangu hakufunga mkanda. Nilipoisukuma pua ya ndege chini, alipasuka kichwa kwenye dari, na kizimamoto kimemalizia. Bastola ninayo. Naomba polisi, na mtu wa kumfungua baba yangu."

Mzee alikuwa amelifagia darasa lile kwa miaka ishirini na minne. Kwa sita ya mwisho, aliyefundisha humo urubani alikuwa binti yake.